Ukiona pikapu kuukuu yapanda mlima, imeundwa

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Walionena hayo walikuwa wakiyatazama majahazi, lakini usemi wao wafaa nchi kavu pia. Simama kando ya barabara inayopanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, na hutakosa kuiona pikapu ya miaka ya themanini, rangi imepauka na bodi imejaa viraka, ikipanda na magunia ya viazi pasipo kuhema, huku ikiyapita magari yaliyo na nusu ya umri wake. Mpita njia atasema kwamba magari ya zamani yalikuwa magari kweli. Kauli hiyo ina ukweli kiasi, lakini aghalabu jibu hasa limo chini ya boneti. Injini ya petroli iliyokuja na gari hilo ilikwisha kushushwa zamani, na mahali pake pamefungwa injini ya dizeli yenye turbo.

Makala haya yanakusudia kuieleza kazi hiyo ya kubadilisha injini, kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi yenye elimu pana ambayo wengi wetu tuliopitia vyuoni huidharau kwa kuwa hufanywa na watu wenye mikono iliyopakaa oili. Pili, elimu hiyo haijaandikwa katika lugha ambayo ndiyo inayotumika kuifanya kazi yenyewe, na upungufu huo, kama nitakavyojaribu kuonyesha, unaweza kugharimu uhai wa watu.

Sababu za kubadilisha

Tuchukue mfano mmoja. Mkulima ana Toyota Hilux ya petroli ya mwishoni mwa miaka ya themanini. Chasisi yake ni imara, ekseli hazina neno, na karatasi zote ni halali. Injini ndiyo iliyokwisha: inakula oili, inatoa moshi, na haina nguvu tena ya kubeba mzigo. Gari jipya hawezi kulinunua. Gari kuukuu la kutoka ng'ambo nalo lina masharti yake, kwani sheria yetu hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Injini iliyotumika, hata hivyo, hupatikana. Huletwa kutoka Japani, na nyingine hupitia Dubai, nazo huuzwa katika maduka ya spea jijini Nairobi, likiwamo eneo la Barabara ya Kirinyaga ambalo wazee wangali wakiliita Grogan.

Kwa nini dizeli? Dizeli hutoa kazi zaidi kwa kila lita, na nguvu yake ya kuvuta huja mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole. Hiyo ndiyo nguvu anayoihitaji mwenye kubeba viazi, wala si mwenye kushindana mbio.

Na kwa nini turbo? Hapa jiografia ya nchi yetu inaingia. Injini huvuta hewa kama vile mtu avutavyo pumzi, na kadiri tunavyopanda juu ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina hewa iliyopungua uzito kwa takriban sehemu moja kwa sita ikilinganishwa na ile ya Mombasa. Timboroa, kwenye kimo kinachozidi mita 2,700, upungufu huo hukaribia robo. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Ndiyo maana dereva anayetoka pwani huona gari lake limekuwa zito afikapo Limuru, akadhani petroli imechanganywa na maji.

Turbo hurekebisha kasoro hiyo. Moshi unaotoka katika silinda, badala ya kupotea bure kupitia ekzosi, hupitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga na kulizungusha. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili na gurudumu la pili, ambalo huivuta hewa kutoka nje na kuishindilia ndani ya injini. Magurudumu hayo yanaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikiwa nyingi zaidi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua vyema, na nguvu inaongezeka. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyepata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye jina lake limegeuka kuwa nomino ya kawaida katika lugha yetu, alikuwa amefanikiwa kuiendesha injini yake mwaka 1897. Hata hivyo, ndoa ya mambo hayo mawili ilichelewa kufika katika magari madogo ya kuuzwa kwa umma: Mercedes-Benz ya 300SD ilitokea mwaka 1978, na Peugeot 604 ikafuata mwaka 1979.

Si kung'oa na kupachika

Wapo wanaodhani kwamba kubadilisha injini ni kama kubadilisha balbu: unang'oa moja, unapachika nyingine. Laiti ingekuwa hivyo! Injini ya petroli na injini ya dizeli ni viumbe wawili tofauti. Ya petroli huchanganya hewa na mafuta, kisha huwasha mchanganyiko huo kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Huigandamiza hewa peke yake mara ishirini au zaidi, ilhali injini za petroli za enzi hiyo ziligandamiza mara nane au tisa hivi. Hewa iliyogandamizwa kiasi hicho hupata joto linalopita nyuzi 500 za Selsiasi, na nozeli inaponyunyiza dizeli humo, mafuta huwaka yenyewe. Kutokana na tofauti hiyo moja huzaliwa tofauti nyingine zote.

Ya kwanza ni uzito. Injini inayohimili mgandamizo wa namna hiyo haina budi kuwa na chuma kingi. Springi za mbele zilizowekwa kubeba injini nyepesi zitalala, usukani utakuwa mzito, na tairi zitaliwa upande mmoja. Vishikizo vya injini navyo hupaswa kuchomelewa mahali papya kwa vipimo, kwani injini ikikaa mshazari hata kidogo, propela shafti itatetemeka na kuharibu viungo vyake.

Ya pili ni giaboksi. Matundu ya skrubu za injini moja hayaoani na ya nyingine, na giaboksi iliyoundwa kupokea nguvu ndogo haitadumu ikipewa kubwa. Injini ya Toyota iitwayo 1KZ, yenye lita tatu na turbo, hutoa nguvu za farasi zipatazo 125 hadi 130, na mvuto wake ni mkubwa mno kuliko wa injini nyingi za petroli zilizofungwa katika pikapu za miaka hiyo. Fundi mwerevu hununua injini pamoja na giaboksi yake, klachi yake, stata yake na nyaya zake zote. Tena hupenda kuikuta ikiwa bado imo katika kipande cha mbele cha gari lililokatwa, maana hapo huiona namna kila bomba na kila waya ulivyopita.

Ya tatu ni difu. Injini ya petroli huzunguka hata mara 5,000 kwa dakika bila taabu; 1KZ hufikia kilele cha nguvu zake kwenye mizunguko 3,600 hivi. Difu ya zamani ikiachwa ilivyo, gari litapiga kelele barabarani na mwendo hautaongezeka.

Ya nne ni upoaji. Turbo huongeza nguvu, nazo nguvu huongeza joto. Rejeta ya injini ndogo haiwezi kulipoza joto hilo. Injini za 2L-T na 1KZ zina sifa mbaya ya kupasuka silinda hedi zinapochemka, na mwenye gari aliyeona uchungu kununua rejeta kubwa huishia kununua hedi nzima. Bure ghali!

Ya tano ni mafuta. Tangi lililohifadhi petroli kwa miaka thelathini lina kutu na takataka ambazo pampu ya dizeli haiwezi kuzivumilia. Lazima lisafishwe, iwekwe chujio inayotenga maji, na lipitishwe bomba la kurudisha tangini dizeli isiyotumika. Aidha, turbo hulainishwa kwa oili ya injini. Dereva anayetoka kupanda mlima na kuzima gari papo hapo huiacha oili ile ikaungua katika fani zenye moto. Angesubiri dakika moja au mbili injini ikizunguka polepole, turbo ingedumu miaka mingi.

Mguu wa breki

Nimeliacha jambo la sita makusudi, kwa kuwa ndilo lenye uzito kuliko yote. Nalo ni breki.

Katika gari la petroli la zamani, dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta, mlango wa hewa hufungwa. Pistoni huendelea kuvuta, lakini hewa haipiti, na hivyo nyuma ya mlango huo hutokea upungufu mkubwa wa hewa. Upungufu huo ndio wataalamu wa istilahi waliouita ombwe. Bomba moja hutoka hapo hadi kwenye chungu cheusi kilicho nyuma ya pedali ya breki. Ndani yake mna kiwambo: upande mmoja kuna ombwe, na upande wa pili, breki inapokanyagwa, huingizwa hewa ya kawaida. Hewa hukisukuma kiwambo na kuusaidia mguu wa dereva. Kwa ajili hiyo hata mtu mwembamba anaweza kulisimamisha gari lenye uzito wa tani mbili.

Injini ya dizeli ya miaka hiyo, kwa desturi, haina mlango wa hewa kama huo. Huvuta hewa yote inayoweza kuvuta wakati wote, na nguvu yake hudhibitiwa kwa kupunguza au kuongeza mafuta. Kwa hiyo haizalishi ombwe la kutosha. Yenye turbo ndiyo kabisa, kwani badala ya kupungukiwa na hewa, huwa imeshindiliwa. Ili breki zisaidiwe, ni lazima pawe na pampu maalumu ya kutengeneza ombwe. Katika injini nyingi za Kijapani za aina hiyo, pampu hii hufungwa mgongoni mwa altaneta, na hulainishwa kwa kibomba kidogo cha oili kutoka katika injini.

Sasa msomaji afikirie. Injini imenunuliwa bila altaneta yake. Fundi anatafuta altaneta nyingine inayotoshea, anaipata, taa zinawaka, betri inachaji, na kila mtu anafurahi. Nyuma ya altaneta hiyo hamna pampu. Au pampu ipo, lakini kibomba cha oili kimezibwa, nayo itakufa baada ya muda mfupi. Uani mwa gereji gari litasimama vizuri, kwa sababu mwendo ni mdogo na mguu peke yake unatosha. Siku litakapoteremka kutoka Kimende kwenda Mai Mahiu likiwa na mzigo, pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Breki hazijafa, zimekosa msaidizi. Lakini dereva aliyezoea kugusa tu hatajua kwamba sasa inampasa kukanyaga kwa nguvu zake zote, na muda wa kujifunza hatakuwa nao.

Hili si fumbo. Fundi aliyebobea hulijua kama ajuavyo jina lake. Lakini amelijuaje? Alielezwa na fundi aliyemtangulia, kwa mdomo. Na mwanagenzi ambaye hakuwapo gerejini siku lilipoelezwa? Huyo ataanza kujitegemea akiwa na kipande hicho kimoja kimekosekana katika elimu yake, wala hatajua kwamba kimekosekana.

Lugha ya gereji

Hapa ndipo somo la makanika linapokutana na somo la lugha. Ingia katika gereji yoyote ya jua kali usikilize. Injini "hushushwa" na "kupandishwa", "hufunguliwa" na "kufungwa". Ikigonga kwa ndani kwa kuharibika husemwa kwamba "imenoki", na dereva aliyesababisha hayo husemwa kwamba "ameinokisha". Tazama jinsi neno geni lilivyopokea kiambishi cha mtendaji, cha wakati na cha mtendwa, pamoja na kauli ya kutendesha, kama kwamba lilizaliwa Lamu! Usukani uliokuwa wa jahazi umehamia kwenye gari kitambo. Giaboksi, klachi, nozeli na gasketi zimo katika ngeli zake bila kuombewa ruhusa na kamati yoyote. Hii si lugha iliyoshindwa na teknolojia. Ni lugha inayofanya kazi ya teknolojia kila siku ya Mungu.

Tatizo ni kwamba elimu hii imegawanyika vipande vitatu visivyojuana. Mwanafunzi wa fizikia anasoma habari za shinikizo la hewa kwa Kiingereza, na hakuna anayemwambia kwamba hilo ndilo linalosimamisha matatu anayopanda kila asubuhi. Kamusi zina neno ombwe, lakini fundi hajalisikia. Yeye husema "vakyumu". Na vitabu vinavyoeleza ufungaji wa pampu hiyo vimeandikwa kwa Kiingereza au Kijapani, ilhali anayeifunga hufikiri, huuliza na hufundisha kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2010 Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo una faida gani ikiwa hauwezi kumfikia kijana aliyelala chini ya gari?

Najua patakuwa na upinzani. Wa kwanza utasema kwamba teknolojia ina lugha yake, nayo ni Kiingereza. Jibu ni kwamba Wajapani walioziunda injini hizi waliziunda kwa Kijapani, na Diesel aliandika kwa Kijerumani. Wa pili utasema kwamba afadhali kazi hii ipigwe marufuku, kwa kuwa ni ya hatari na kwa kuwa moshi wa dizeli una madhara. Kuhusu moshi, hoja ni nzito: mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa sababu hiyo injini iliyochoka haifai kufungwa kabisa, na pampu na nozeli zapaswa kupimwa kwanza. Lakini marufuku haitamzuia mkulima mwenye chasisi nzima na mfuko mtupu. Itaifukuza kazi kutoka mchana na kuipeleka usiku, mahali ambapo hakuna atakayeikagua.

Sheria yenyewe haikatazi, inadai uwazi. Nambari ya injini imo katika hati ya umiliki wa gari, na anayebadilisha injini hupaswa kuifahamisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ili gari likaguliwe na hati irekebishwe. Asiyefanya hivyo ajue kwamba siku ya ajali kampuni ya bima itaichungulia nambari hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Kadhalika, adai stakabadhi ya injini anayoinunua na ailinganishe nambari, asije akafunga garini mwake mali iliyoibwa.

Wajibu wa walimu

Nini basi kifanyike? Sipendekezi kamati. Napendekeza kwamba mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili katika shule moja waandamane na wanafunzi wao hadi gereji iliyo karibu, kwa adabu na kwa ruhusa ya mwenyewe. Wanafunzi wamwombe fundi aeleze hatua kwa hatua namna anavyoiondoa injini moja na kuifunga nyingine. Wayaandike maneno yake jinsi anavyoyatamka, si jinsi kamusi inavyotaka. Wakirudi darasani, mwalimu wa fizikia awaonyeshe kanuni iliyo nyuma ya kila hatua, na mwalimu wa Kiswahili awasaidie kuandika maelezo yanayoeleweka, ambamo "vakyumu" na ombwe vimekaa katika sentensi moja ili kila upande uujue wa pili. Insha ya namna hiyo ina manufaa kuliko insha kumi juu ya siku ambayo mwanafunzi hataisahau.

Kisha kazi hiyo irudishwe kwa fundi aikosoe. Yeye ndiye mwenye ujuzi, na pale atakaposema kwamba wamekosea, wamekosea. Ikisahihishwa, ipigwe chapa ukurasa mmoja tu, ubandikwe ukutani mwa gereji: uzito wa mbele umepimwa? Rejeta inatosha? Tangi limesafishwa? Pampu ya ombwe ipo, na oili inaifikia? Pedali ya breki imejaribiwa gari likiwa na mzigo, mteremkoni? NTSA wamearifiwa?

Lugha yetu haikumtenga fundi na mwalimu. Fundi, mafunzo, mwanafunzi na kufundisha ni maneno ya mzizi mmoja. Sisi ndio tuliojenga ukuta kati ya darasa na gereji, tukawaacha wenye kujua wasiandike na wenye kuandika wasijue. Pikapu kuukuu zitaendelea kupanda kutoka Mai Mahiu, kwa sababu nguvu za kupanda wamezipata. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba kila aliyezifunga injini hizo anajua pia jinsi zitakavyoteremka.